Kuchoma CD na DVD zikasomeka: leza inaacha alama gani ndani ya diski

Mpiga video wa harusi, fundi wa studio ya kwaya na karani anayetakiwa kuambatisha CD kwenye zabuni wote hubonyeza kitufe kilekile cha kuchoma, kisha hukutana na lalamiko lilelile: kwangu inasoma, kwa mteja haisomi. Mara nyingi deki ya mteja haina kosa. Kosa limefanyika kwenye uchaguzi wa diski, kwenye kasi, au kwenye kufunga diski, na yote matatu yanaeleweka haraka ukishajua leza inaacha alama ya namna gani.

CD-R si tupu kabisa

CD ya albamu inayotoka kiwandani haijachomwa. Vishimo vyake vimegandamizwa kwenye plastiki kwa muhuri mmoja, kopi maelfu. CD-R, ambayo viwango vyake viliwekwa na Philips na Sony mwaka 1990, inauzwa haina data, lakini tayari ina njia ya kufuata. Kwenye plastiki ya polikaboneti yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2 kuna mfereji mmoja unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka hadi ukingoni, mzunguko mmoja ukiachana na mwingine kwa maikromita 1.6. Ukiunyoosha unapita kilomita 5.

Mfereji huo haukunyooka. Umetengenezwa ukiyumba kidogo kushoto na kulia, na diski ikizunguka kwa kasi ya 1x (kasi ya kawaida ya kusikilizia muziki) draivu inapokea kuyumba huko kama mawimbi ya 22.05 kHz. Ndani ya mawimbi hayo kiwanda kimeandika saa ya diski (dakika, sekunde na fremu), nguvu ya leza inayopendekezwa, mwisho wa eneo la kuandikia na msimbo wa mtengenezaji. Ndiyo sababu programu ya kuchomea inaweza kukuambia aina ya diski kabla hujaandika hata baiti moja.

Juu ya mfereji hupakwa rangi ya kikemikali, juu ya rangi hupakwa safu nyembamba sana ya fedha au dhahabu ya kuakisi mwanga, kisha vanishi, kisha maandishi ya lebo. Leza huingia kutoka chini, hupenya plastiki, hufika kwenye rangi, hugonga fedha na kurudi. Shika mpangilio huo vizuri. Kwenye CD, data imekaa upande wa lebo, chini ya vanishi ambayo hata kalamu ya bolpeni huweza kuibonyeza. Mkwaruzo wa chini ya diski mara nyingi husafishika au hurukwa na mfumo wa kurekebisha makosa. Mkwaruzo wa juu unabandua fedha, na hapo hakuna cha kusafisha. DVD ni tofauti kidogo: ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, data ikiwa katikati, kwa hiyo upande wa lebo umekingwa zaidi.

Kidoa kinavyotengenezwa

Wakati wa kusoma, leza ya CD (nanomita 780) hutumia nguvu isiyofika miliwati moja. Wakati wa kuandika hupanda hadi miliwati kadhaa, na kwa kasi kubwa hufika makumi. Rangi iliyo chini ya mwanga huo hupata joto la zaidi ya nyuzi 200, huvunjika kikemia, na plastiki iliyo jirani huvimba kidogo. Sehemu hiyo haiakisi tena kama mwanzo. Deki inaiona kana kwamba ni kishimo cha kiwandani, ingawa hakuna shimo lililochimbwa. Rangi iliyovunjika hairudi, na ndiyo maana CD-R na DVD-R huandikwa mara moja tu.

Urefu wa vidoa ndio unaobeba habari. Badiliko, yaani pale kidoa kinapoanza au kinapoisha, ndilo tarakimu moja (1). Umbali kati ya badiliko na badiliko ni idadi ya sifuri. Kila baiti ya biti 8 hugeuzwa kuwa biti 14 zilizochaguliwa ili kati ya moja na moja kuwe na sifuri zisizopungua 2 na zisizozidi 10. Matokeo yake ni vidoa vya urefu wa aina tisa tu, kuanzia maikromita 0.83 hadi 3 hivi kwenye CD. Draivu ikichora kidoa kirefu au kifupi kuliko kinavyotakiwa, deki husoma urefu usio sahihi, na biti zikawa nyingine. Karibu matatizo yote ya "haisomeki" yanaanzia hapa, kwenye kidoa ambacho ukingo wake umetanuka kwa joto kupita kiasi au haukukolea.

Kwa sababu hiyo draivu haiwashi leza moja kwa moja kwa muda wote wa kidoa. Huipiga kwa mapigo mafupi, kwa mpangilio uliohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake kwa kila msimbo wa mtengenezaji. Diski isiyojulikana na draivu hupewa mpangilio wa jumla. Hapo ndipo mkebe wa diski za bei ya chini unapochomeka vizuri kwenye kompyuta moja na vibaya kwenye nyingine.

CD-RW na DVD-RW: hakuna rangi, kuna aloi

Diski za kufuta na kuandika upya (CD-RW ilifika sokoni mwaka 1997) hutumia aloi (mchanganyiko wa metali) ya fedha, indiamu, antimoni na teluri, au jamaa zake, iliyobanwa kati ya tabaka mbili za kuhami joto. Aloi ikiwa na fuwele huakisi mwanga. Ikiwa haina fuwele huakisi kidogo. Leza ina ngazi tatu za nguvu. Ya juu kabisa huyeyusha aloi kwa nyuzi kati ya 500 na 700, kisha sehemu hiyo ndogo hupoa ghafla kabla fuwele hazijajipanga, kama chuma anachokitumbukiza mhunzi majini, ikabaki giza. Ya kati huipasha hadi nyuzi 200 hivi kwa muda wa kutosha fuwele zijipange tena, na hiyo ndiyo kufuta. Ya chini husoma tu.

CD-RW huakisi asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga, wakati CD ya kawaida na CD-R ziko karibu na asilimia 70. Redio ya gari ya zamani au deki ya mwanzo haina kipaza mawimbi cha kuiona, hata uichome kwa uangalifu kiasi gani. Kitu cha kumpa mteja usikiweke kwenye RW.

Idadi ya marudio inayotajwa kwa CD-RW na DVD-RW ni 1,000 hivi. DVD-RAM, aina nyingine ya kuandika upya, hutajwa 100,000. Hiyo 1,000 ni kwa kila mahali kwenye diski. Ukiitumia RW kama flashi, ukihifadhi na kufuta faili moja moja, sehemu inayoweka orodha ya faili huandikwa upya kila mara na huchoka mapema wakati kwingine kote bado kuko sawa. Kwa RW, kusanya faili zote kwenye kompyuta, futa diski, andika kwa mkupuo mmoja.

Kufuta kwa haraka huondoa orodha ya yaliyomo tu. Data yenyewe inabaki mahali pake na huweza kurudishwa. Nyaraka za siri zinahitaji kufuta diski nzima. Kwenye Linux, ambako /dev/sr0 ni draivu yako, amri ni hii:

wodim dev=/dev/sr0 -v blank=all

CD-RW ya dakika 80 kwa kasi ya 4x itachukua dakika 20 hivi. Iache imalize.

Kununua

Kwa muziki wa redio ya gari na kwa deki: CD-R na DVD-R. DVD-R ya Pioneer ilitangulia mwaka 1997, na deki nyingi za zamani huipokea kuliko DVD+R. DVD+R nayo ni nzuri, hasa kwa data ya kompyuta, na draivu nyingi huweza kuipa jina la DVD-ROM ili deki isiikatae.

Tazama chini ya CD-R. Bluu nzito ni rangi ya azo. Kijani kinachoelekea bluu ni sayanini. Karibu haina rangi, au njano hafifu, ni thalosayanini. Sayanini ndiyo inayochoka haraka kwa mwanga. Azo na thalosayanini huvumilia zaidi. Jina la kwenye mkebe si lazima liwe la kiwanda. Chapa moja hununua kwa viwanda tofauti mwezi hadi mwezi. Weka diski moja kwenye draivu na usome msimbo: kwenye Windows programu ya ImgBurn huuonyesha upande wa kulia, kwenye Linux tumia

wodim dev=/dev/sr0 -atip

kwa CD, na dvd+rw-mediainfo /dev/sr0 kwa DVD. Ukipata msimbo unaochomeka vizuri kwenye draivu yako, nunua mkebe mwingine wa shehena hiyohiyo kabla haijaisha dukani.

Hesabu ya nafasi

CD ya dakika 80 ina sekta (vipande vya data) 75 kwa sekunde, yaani sekta 360,000. Kila sekta ya data hubeba baiti 2,048, jumla baiti 737,280,000, ambazo kompyuta huziita MB 703. Sekta hiyohiyo ikiwa ya muziki hubeba baiti 2,352, kwa sababu muziki hauna tabaka la ziada la kurekebisha makosa. Baiti moja ikikosewa kwenye wimbo, deki hukisia na sikio halijui. Ikikosewa kwenye faili ya hesabu, faili haifunguki.

DVD-R ina baiti 4,707,319,808 na DVD+R 4,700,372,992. Zote ni "4.7 GB" kwenye kava, lakini kwenye kompyuta utaona 4.38. Picha ya diski (faili moja ya ISO yenye kila kitakachoandikwa) iliyotengenezwa kujaza DVD-R hadi mwisho haitatosha kwenye DVD+R. Isitoshe, ukingo wa nje ndio wenye makosa mengi: plastiki hapo hupinda, rangi haikusambaa sawasawa, na vidole hushika hapo. Ishia GB 4.2.

Ukichoma kwa sesheni nyingi, yaani kuongeza data kwa awamu kwenye diski ileile, ya kwanza hula MB 22 hivi na kila inayofuata MB 13, kwa maeneo ya kuingilia na kutokea. Redio nyingi za gari husoma sesheni ya kwanza tu. Mteja akikuambia nyimbo za juzi ziko na za jana hazipo, sababu ni hiyo.

Kuchoma, hatua kwa hatua

1. Nakili kila kitu kwenye diski kuu ya kompyuta. Usichome moja kwa moja kutoka flashi au mtandao. Data ikikatika njiani leza husimama. Draivu nyingi baada ya mwaka 2000 huweza kuendelea zilipoachia, lakini kila kiungo ni mahali pa udhaifu. Zima hali ya kulala ya laptop, na uchomeke chaja.

2. Tengeneza picha ya diski kwanza, halafu uandike picha hiyo. Kwa nyaraka, kwenye Linux:

genisoimage -r -J -V NYARAKA -o nyaraka.iso nyaraka/

Kwa video ya deki, folda iwe na VIDEO_TS ndani yake:

genisoimage -dvd-video -V HARUSI -o harusi.iso harusi/

Kuburuta MP4 ndani ya diski hakuifanyi kuwa DVD ya deki. Programu ya kutengeneza DVD ndiyo inayobadilisha video kuwa faili za VOB zinazosomwa na deki, kila moja isiyozidi GB 1. Faili moja ya data inayozidi GB 4 inahitaji mfumo wa kupanga faili uitwao UDF. Kwenye Windows, ukiulizwa namna ya kutumia diski, chagua ile ya deki ya CD au DVD, usichague ile ya kama flashi.

3. Futa vumbi kwenye diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Mkwaruzo unaokata mfereji kwa kukingama, mfumo wa CD huufidia hadi milimita 2.5 za mfereji. Mkwaruzo unaofuata mfereji hupita hapo upesi. Unyoya ulionaswa wakati wa kuchoma ni mbaya kuliko unaonaswa wakati wa kusoma: kivuli chake huacha sehemu isiyochomeka, na haifutiki tena.

4. Chagua kasi. CD-R ya 52x ichome kwa 16x hadi 24x. DVD ya 16x ichome kwa 8x. Kasi ya juu huhitaji nguvu kubwa kwa muda mfupi na diski huzunguka mara 10,000 hivi kwa dakika, ikitetemeka. Ushauri wa zamani wa kuchoma kwa 1x au 2x umepitwa: rangi za sasa zimepimwa kwa kasi kubwa, na leza ikikaa juu yake muda mrefu vidoa hutanuka. Kwa 8x, DVD nzima huchukua dakika 7 za kuandika, pamoja na muda wa kufungua na kufunga. RW hufuata daraja lake lililoandikwa, huwezi kuilazimisha.

5. Andika kwa mkupuo, na ufunge diski. CD ya data:

wodim dev=/dev/sr0 -v -dao speed=16 nyaraka.iso

CD ya muziki, baada ya kugeuza nyimbo kuwa WAV za 44.1 kHz, biti 16, stirio:

wodim dev=/dev/sr0 -v -dao -audio -pad speed=16 *.wav

DVD:

growisofs -dvd-compat -speed=8 -Z /dev/sr0=harusi.iso

Diski isiyofungwa haina eneo la kutokea, na deki haijui diski inaishia wapi. Kompyuta yako inaisoma kwa sababu draivu ya kuandikia huweza kusoma daftari la muda lililo karibu na tundu la katikati. Deki haina uwezo huo.

Kabla ya kuanza, draivu hujaribu leza kwenye eneo dogo la ndani kabisa, huongeza na kupunguza nguvu, kisha hupima ipi imetoa vidoa safi. Sekunde kumi za ukimya unazoziona mwanzoni ni kazi hiyo. Usibonyeze chochote.

6. Toa diski, irudishe, kisha uilinganishe na picha. Kuitoa kunailazimisha draivu kusoma upya badala ya kujibu kwa kumbukumbu yake. Gawa ukubwa wa ISO kwa 2048 upate idadi ya sekta, uiweke mahali pa N:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=N | sha256sum

sha256sum nyaraka.iso

Herufi zote zifanane. Ukisoma bila count, CD iliyochomwa bila -dao huweza kutoa kosa la kusoma mwishoni kabisa, kwa sababu ya sekta mbili za kufungia wimbo. Hilo si ubovu. Ukiwa na draivu ya pili, hakiki kwenye hiyo. Draivu iliyochoma huisamehe kazi yake mwenyewe.

Ikigoma

Ujumbe wa kushindwa kupima nguvu ya leza mwanzoni kabisa: lenzi chafu, leza iliyochoka, au diski ambayo draivu haiiwezi. Safisha lenzi kwa pamba na spiriti safi ya aisopropili, jaribu kasi ya chini kidogo, kisha jaribu diski ya msimbo mwingine. Zikikataa CD zote lakini DVD zinachomeka, draivu haijafa yote. Zina leza tofauti, nanomita 780 na 650.

Kukatika katikati kwenye draivu ya nje ya USB mara nyingi ni umeme. Leza ikipanda na mota ikikaza kwa pamoja, tundu la USB la miliampia 500 halitoshi. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio, na utumie waya wenye vichwa viwili ikiwa ilikuja nao.

Kukatika karibu na mwisho kila mara: punguza data, ishia mapema.

Deki inasoma menyu kisha inakwama katikati ya filamu: makosa yamezidi sehemu hiyo. Kwenye draivu inayoruhusu upimaji, programu ya QPxTool huchora grafu ya makosa ya DVD. Mstari ukivuka 280 kwa kila bloki 8, choma upya kwa kasi nyingine.

Kuandika jina na kutunza

Tumia maka ya wino wa maji, na ikiwezekana andika kwenye duara la plastiki tupu karibu na tundu. Stika ya karatasi kwenye DVD huvuta diski ikapinda na kuiyumbisha. Usiibandike, na kama imeshabandikwa usiibandue.

Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2003 unapendekeza nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Mombasa, Tanga na Unguja hazifiki huko bila kiyoyozi, na ndiko safu ya fedha inakoshambuliwa na unyevu ukiingia ukingoni. Weka diski kwenye kava zake ngumu, zimesimama, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishe vikishalowa. Dashibodi ya gari ni mahali pabaya kuliko pote, joto na jua pamoja.

Kumbukumbu za miaka mingi ziweke kwenye BD-R (Blu-ray ya kuandika mara moja) isiyo ya rangi, ile isiyoandikwa LTH. Alama zake ni za madini, na diski moja hubeba GB 25. Fanya kopi mbili kwa diski za viwanda tofauti, na uongeze data ya ukarabati kabla ya kutengeneza picha:

par2 create -r10 kinga.par2 *.tif

Asilimia hiyo 10 itakula nafasi, lakini faili zilizoharibika kwa kiasi hicho huweza kurudishwa.

Diski ya zamani ikianza kukwama, acha kuifungua na kuifunga kwenye kompyuta. Isome mara moja kwa programu ya uokoaji ya ddrescue, kwanza bila kung'ang'ania sehemu mbovu:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map

Kisha ipeleke diski hiyohiyo kwenye draivu nyingine, na urudie amri ya pili ukitumia okoa.iso na okoa.map zilezile. Kila draivu hushindwa mahali pake, na sekta iliyokataliwa na ya kwanza mara nyingi hutolewa na ya pili au ya tatu.